Kolibri Mwenye Pamba Miguuni

Berchem-Sainte-Agathe, Jumapili mchana

Faida mwanangu,

Unisamehe kwa kuchelewa. Siku ile walipokukubali uliniomba, "Maman, niandikie kitu kidogo cha kusoma kule juu," nikajibu nitaandika wiki hii, kisha nikajibu wiki ijayo, na sasa valizi yako imesimama mlangoni kama mgeni anayengoja teksi, na kesho asubuhi uko uwanja wa ndege wa Zaventem. Umetoka kwenda kumuaga rafiki yako kule Anderlecht, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka jioni. Nimesukuma nguo zinazokauka upande mmoja, nimefuta meza, nimeketi. Barua hii nitaificha ndani ya bottine yako ya kushoto, zile buti za mlimani. Utaikuta siku utakapozivaa, donc utakuwa tayari uko mlimani na hutaweza kurudi kunibishia.

Sitakuandikia habari za vidonge, wala za kutotembea peke yako jioni. Hizo nimezisema mpaka umeanza kunimalizia maneno. Nataka kukuambia kilichotokea leo asubuhi kanisani, maana hukuwepo, ulibaki hapa unafunga mizigo. Lakini hutaelewa vizuri nisipokuambia kwanza kwa nini jana, kwenye sherehe yako ya kuagwa, nilisimama mbele ya watu wote na kusema chakula kiko tayari.

Bon. Tuanze na daktari.

Ulipofaulu mwaka wa kwanza wa université, Maman Riziki alinikamata nje ya kanisa. Unamjua, yule wa chorale, ambaye perruque yake, zile nywele za bandia, haijawahi kukaa upande hata siku ya upepo. Akaniuliza, "Na huyu Faida anasoma nini kabisa?" Nikasema biologie. Akaniangalia. "Biologie, c'est-à-dire?" Nikasema, "Mambo ya uzima. Mwili, damu, vitu kama vile." Akapiga makofi: "Aaah! Médecine!" Mimi, Faida, sikusema ndiyo. Lakini hapana pia sikusema. Nilitengeneza kitambaa changu kichwani, nikamuuliza habari za wajukuu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa mama wa dokta.

Unatujua sisi watu wa Kivu wa hapa Ulaya. Kila mmoja alifika na mfuko mmoja mkononi, na nyuma aliacha jina: huyu alikuwa mwalimu, huyu muuguzi, huyu baba yake alikuwa na ng'ombe mlima mzima. Hapa tukawa wote watu wa kusafisha na kuinua wazee vitandani. Mtoto wa mmoja akiwa dokta, bench nzima inakaa wima zaidi. Niliona jinsi walivyokaa wima, na sikuwa na moyo wa kuwakunjisha tena. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyependa kukaa wima kuliko wote.

Kisha ukarudi nyumbani siku moja, koti bado mwilini.

"Maman, juu ya nini uliwaambia niko dokta?"

"Mimi? Sikusema dokta."

"Papa Anselme amenionyesha mguu yake! Amevua soksi pale ku arrêt ya tram, mbele ya watu!"

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aende kwa docteur."

"Bon. Ile ni jibu ya dokta kabisa."

Ulicheka, usikatae. Ulicheka mpaka ukakaa chini na koti lako. Maskini Papa Anselme, mwalimu mzima wa Bukavu, sasa mlinzi wa maghala kule Anderlecht, anamvulia soksi msichana anayesoma wanyama! Na mimi, kwa kuwa umecheka, nikafikiri mambo yameisha. Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko mara ya kwanza. Mtoto anaweza kucheka huku amepigwa. Nilipaswa kukuangalia macho, sikukuangalia, nilikuwa nageuza samaki.

Halafu ukaja na huyu ndege wako.

Lazima nikubali kwamba mwenye kosa la ndege ni mimi mwenyewe. Ulipokuwa mdogo, kila usiku kabla ya kwenda kazini nilikuwa nakulaza na habari za kwetu, na ulichopenda kuliko vyote ni kolibri. Nilikuambia habari za kolibri wetu wa mlimani, mwenye kifua cha kung'aa, anayekunywa maua. Ndivyo masista walivyotufundisha shuleni. Wazungu wote wa Kivu walimwita hivyo, na sisi tukamwita hivyo. Ukafika miaka kumi na moja, ukarudi kutoka maktaba ya commune na uso wa polisi.

"Maman, Afrika hakuna colibri. Hata moja."

"Nimeziona na macho yangu."

"Uliona souimanga. Colibri ziko Amerika tu."

"Masista wamekaa kule miaka yote ile, na wewe umesoma kitabu moja!"

Jumamosi ukanivuta mkono mpaka maktaba, ukafungua vitabu viwili mbele yangu. Wa kwetu anatua juu ya ua, anashika kikonyo, anainamisha shingo na kunywa. Wa kule anasimama hewani, hashiki kitu. Niliangalia sana. Ulisema kweli. Lakini nilichosema mimi ni, "Twende, basi linaondoka." Leo nakuandikia kwa wino: ulisema kweli, na masista walikosea, na mimi nilikosea pamoja nao. Na kama nisingekosea usingeenda maktaba, kwa hiyo kidogo nishukuru.

Miaka kumi baadaye, jikoni hapa hapa, ukaweka picha juu ya meza. Ilikuwa imechorwa kwa mkono. Kolibri mweusi kama chini ya sufuria, shingoni rangi ya zambarau, na kwenye miguu yote miwili pamba nyeupe, kama amevaa soksi za mtoto mchanga. Ukaniambia anaishi juu ya mlima mmoja tu, au karibu mmoja tu, pale juu ya mji mkubwa wa Quito huko Amerika, katika msitu wa miti mifupi iliyopinda na kuota kuvumwani mpaka kwenye matawi. Ukasema miaka mingi hakuonekana, watu wakadhani amekwisha, kisha akaonekana tena. Na sasa kuna watu wanaopanda kumtafuta na kuhesabu maua anayokunywa, na wamekukubali ukae nao mwaka mmoja.

Nikakuuliza ana uzito gani. Ulitoa kipande cha sukari kwenye boksi, ukakiweka katika kiganja changu, ukanikunja vidole.

"Ni hivi tu, maman. Yote, na pamba."

Nilijua ulitaka nishangae. Na moyoni nilishangaa. Lakini nilikuwa nimetoka kazini Woluwe, usiku mzima nimegeuza wazee vitandani, mgongo unalia, na mbele yangu niliona kanisa zima limekaa wima likingoja dokta. Nikafungua mkono, nikakitia kile kipande ndani ya chai yangu, nikakoroga.

"Miaka hii yote naosha watu," nikasema, "na wewe unaenda kuangalia sukari."

Faida, nimefanya mambo mengi ya haraka katika maisha yangu, hata wewe mwenyewe ulikuja kwa haraka, nikiwa na miaka kumi na saba. Kwa hilo la kwako sijutii. Kwa kijiko kile, ninajuta.

Usiku ule ulibaki mezani ukijizoeza maneno ya kuwaambia maprofesa. Nilikuwa nasafisha sombe, yale majani ya muhogo, mgongo nimekupa, lakini masikio nilikuwa nayo. Ukasema kwa Kifaransa chako kizuri kwamba msitu ule unakatwa kwa makala, makaa ya kupikia, na kwa malisho ya ng'ombe, kwa sababu wenyeji hawajui thamani yake. Ukarudia mara mbili, ukitafuta sauti. Wenyeji hawajui. Sikugeuka. Ningegeuka ungeona uso wangu.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo ulikuwa unavuta kitambaa changu nyuma na kuweka kidole kwenye paji la uso, pale palipobonyea? Ulikuwa unaliita barabara ya kidole. Nilikuambia ni kamba, nilibeba mizigo. Hukuuliza mizigo gani, ulikuwa mtoto. Yalikuwa makala.

Mama yangu alikuwa anapanda nami mlimani tangu nina miaka kumi na mbili, mpaka pale mianzi inapokwisha na baridi inaanza kuuma meno. Tulikuwa tunakata, tunapanga magogo kama unavyopanga watoto kitandani, tunafunika na majani mabichi na udongo, tunawasha chini. Halafu unangoja na kuangalia moshi. Ukiwa mweupe, kuni bado zina maji. Ukianza kuwa wa bluu, unaziba matundu upesi, la sivyo unakuta majivu. Kisha gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na kushuka, shingo imekaza kama ya ng'ombe, usiangalie pembeni kwa sababu kichwa hakigeuki.

Na wale ndege wa maua, wale niliowaita kolibri, walikuwa kule. Mwaka wa kwanza walikuwa karibu na tanuru letu, kwenye maua mekundu. Mwaka uliofuata walikuwa juu zaidi. Asubuhi moja mama alisimama, akaangalia ule mteremko mtupu, akasema, "Wamepanda tena." Basi. Alisema hivyo kama mtu anayesema jirani amehama. Kisha akainua shoka, kwa sababu chini nyumbani tulikuwa watoto sita.

Alijua, Faida. Hakuna mtu aliyejua ule mlima kuliko yeye. Alijua ni ndege gani ameondoka na ni mti gani hautarudi. Hakukosa kujua, alikosa kitu kingine cha kupika na kuuza. Kwa hiyo nakuomba, na hapa siombi sana, nakuamuru kama mama: ukikutana na mwanamke anashuka na gunia kwenye mlima wako ule, usimwambie hajui. Mwamkie. Muulize ndege walikuwa wapi alipokuwa msichana. Halafu siku moja, siku moja tu, mwombe gunia lake na ubebe mpaka chini. Usimwambie mtu, usipigwe picha. Shingo yako itakufundisha yale ambayo mimi nilishindwa kukuambia na sombe mkononi.

Sasa jana.

Asubuhi ya jana uliniambia, ukiwa unapiga pasi blauzi: "Maman, kitu moja tu nakuomba. Usinipe pesa, usinipe zawadi. Uwaambie. Useme wewe mwenyewe naenda kufanya nini." Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa moyo mzima, nakuapia. Nilikuwa nimeandaa hata maneno.

Halafu ukumbi ukajaa. Papa Anselme akasimama na ile suti yake ya kahawia, akagonga chupa na uma. "Leo," akasema, "tunamusindikiza docteur wetu. Wazungu walituletea madokta, leo sisi tunatuma dokta kwa wengine!" Wanawake wakapiga vigelegele. Watu wengine walikuwa na machozi, mzee yule machozi yalimshuka kweli. Kisha akanipa zamu. Nikasimama. Nikakuona pale mwisho wa meza na blauzi yako iliyonyooka, unaniangalia tu, hunilazimishi. Nikafungua mdomo.

"Aksanti kwa kuja," nikasema. "Chakula kiko tayari."

Ulishusha macho kwenye sahani. Hukukasirika; ningependa ungekasirika. Baadaye ukaosha vyombo vya watu wote, moja moja, na nilipokuja kukusaidia ukasema, "Acha, maman, umechoka." Faida, maneno yale yalinikata kuliko tusi. Ulinihurumia. Mtoto wangu akanihurumia kwa sababu nimeshindwa kusema sentensi moja ya kweli.

Basi leo asubuhi, kabla ya kutoka, nilichukua kipande cha sukari kwenye boksi, nikakitia mfukoni mwa koti.

Misa ikaisha. Padri mzee akasoma matangazo yake, akainua miwani: "Kuna mwingine mwenye tangazo?" Anauliza hivyo kila Jumapili na hakuna anayesimama, kwa hiyo alikuwa ameshaanza kufunga kitabu. Nikasimama. Bench ikalia.

"Faida si dokta," nikasema.

Papa Anselme akageuka. "Pardon?"

"Si dokta. Hakuwahi kuwa dokta. Yeye hakuwadanganya, ni mimi niliwaacha museme vile, kwa sababu nilipenda. Anasoma wanyama. Kesho anaenda Équateur kulinda ndege moja ndogo."

"Équateur? Mbandaka?" akauliza mama mmoja nyuma, akidhani ni ule mkoa wa kwetu. "Kule niko na shemeji!"

"Hapana, maman, ile ya Amerika."

"Na ile ndege ni ya kula?"

"Ya kuangalia."

"Kuangalia tu? Mwaka muzima?"

"Mwaka muzima."

Wakacheka. Sikukasirika, mimi mwenyewe nilikuwa nimecheka vibaya zaidi. Nikatoa sukari, nikaiweka katika kiganja cha mtu wa karibu, na huyo alikuwa Maman Riziki. "Uzito wake ni huu," nikasema. "Yote, na pamba ya miguu." Akaipima, akaiangalia, akampa wa pembeni. Ikaenda hivyo, mkono kwa mkono, bench kwa bench, na kadiri ilivyokwenda kicheko kilipungua. Hata watoto hawakuilamba. Mzee mmoja aliishika kwa mikono miwili kama ostia.

Nikawaambia ule mlima uko juu ya mji mkubwa, na kwamba umekatwa kwa ajili ya makala mpaka ndege amebaki kwenye migongo michache ya juu. Nikaona nyuso zinabadilika. Hakuna mtu wa Kivu ambaye hajui makala. Nikasema, "Mimi mwenyewe nilizibeba." Na nikavua kitambaa.

Sijawahi kuvua kitambaa mbele ya watu hapa Ulaya. Unajua. Hata kazini ninakifunga chini ya kofia.

Kisha Maman Riziki akasema kwa ile sauti yake ya chorale, "Kuja hapa mwangani." Nikafikiri ananiaibisha. Nikaenda. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya.

"Hii yako ni ya mutoto," akasema. "Ulibeba miaka ngapi? Tano? Tazama ya muntu mukubwa."

Akaweka vidole viwili chini ya perruque yake, ile perruque, Faida, akaisukuma nyuma mbele ya padri na ya Mungu. Barabara kwenye paji lake inaweza kulaza penseli. Miaka yote tumekaa bench moja, mimi na kitambaa changu, yeye na nywele zake za duka, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile. Tukaangaliana. Akaanza kucheka, nikaanza kucheka, na huku nyuma nikasikia wanawake wengine wanavua vitambaa na kuulizana: "Wewe ulibebea wapi? Upande gani?"

Padri mzee aliketi kwenye kiti chake na kutuacha.

Papa Anselme ndiye aliyesimama mwisho. Niliogopa, kwa sababu ni yeye aliyelia jana. "Donc," akasema polepole, "mguu yangu nilimuonyesha mutu ya ndege."

"Ndiyo, papa. Unisamehe."

Akafikiri. "Na alinitumaga kwa docteur, na docteur akaona sukari katika damu. Donc mutoto alisema vizuri." Akakaa. Halafu akasimama tena: "Na wale ndege, hawapatagi sukari? Maana ni kitu wanakunywa siku nzima!"

Nimemwambia nitakuuliza.

Nilikuwa nafikiri nikisema kweli watakaa chini tena, wote, kwa sababu yangu. Haikuwa hivyo. Kwa dokta walikuwa wananipongeza na kuondoka. Leo walinizuia nje mpaka vidole vikafa kwa baridi, kila mtu ana swali: anajenga wapi, anataga mangapi, usiku na ile baridi anafanyaje? La mwisho nilijibu mwenyewe, kwa sababu ulinifundisha: usiku anazima karibu mwili wote, anapoa, moyo unakwenda polepole kama umesahau, ungemwokota ungemzika, na asubuhi anatetemeka, anajipasha moto, anaruka. Niliposema hivyo Maman Riziki akasema, "Huyo ni sisi tukitoka kazi ya usiku." Nilisimama pale, Faida, natoa mafundisho ya kolibri kwenye barabara ya Anderlecht, na sijui kama nimewahi kujivunia kitu hivyo. Nilijiona mrefu.

Hapo ndipo nimepata neno la kukupa, na nalitoa kwenye kosa langu mwenyewe, kwa sababu vitabu sikusoma vingi. Nilisema dokta kwa kuwa watu walitaka kusikia dokta. Huko pia watakuwepo watu wanaotaka kusikia neno fulani. Uliniambia jike wa huyu ndege anafanana na majike wa ndugu zake wengine, wa kijani, na ukungu mle ndani hauachi mtu kuona vizuri. Siku moja utakuwa umelowa, una njaa, mmepanda wiki nyingi bure, na kitu kitapita mbele yako haraka, na wakubwa wako watageuka na kuuliza, "Umemwona?" Watataka sana useme ndiyo. Na wewe utataka. Kama hukumwona, sema hukumwona. Hata kama utarudi baada ya mwaka na hukumwona kamwe, rudi hivyo hivyo, nitakuja kukupokea na kitambaa mkononi. Ndege wa kweli asiyeonekana nampenda kuliko dokta wangu wa uongo.

Naona giza linaingia na wewe unakaribia kurudi, nasikia kama lifti inapanda. Wacha nikuandikie ninavyohitaji unitumie, maana nimepewa maagizo na watu na lazima niyafikishe.

Nitumie picha ya huyo ndege, hata ya mbali, hata ya kuchora, lakini pamba ya miguu ionekane; hiyo itabandikwa mlangoni pa kanisa, padri amekubali. Nitumie jibu la Papa Anselme kuhusu sukari. Maman Riziki anataka kujua wanawake wa kule wanabeba vipi, kwa paji la uso au kwa kifua, na kamba yao ni ya nini. Nitumie jina la ua analolipenda, na kama linanukia. Mimi nataka picha yako moja, na matope, bila kujitengeneza. Soksi zangu za sufu ulizochukua bila kuniomba, nimeziona kwenye valizi, hizo usizitume, zivae.

Na nitumie kadi. Kila Jumapili ukiweza. Sihitaji maneno mengi, najua utakuwa umechoka. Kama hukumwona andika tu, "Wiki hii sikumwona." Hizo ndizo ninazozihitaji kuliko zote. Padri akiuliza kama kuna mwingine mwenye tangazo, nitasimama na kusoma: Faida anasema wiki hii hakumwona. Halafu nitakaa chini, wima.

Mimi,
Mama Faida